Ufukweni, mlimani au ziwani? Likizo ya kiangazi na watoto wawili wadogo

SWALI: Daktari, nina watoto wawili. Wa kike ana miaka miwili na nusu, wa kiume ana miezi saba na bado ananyonya. Kiangazi hiki mimi na mume wangu tumepata siku kumi za likizo pamoja, mara ya kwanza tangu mkubwa azaliwe. Tumebaki na sehemu tatu za kuchagua. Mume wangu anataka hoteli ya ufukweni yenye mabwawa matatu ya kuogelea. Ni saa sita kwa ndege kuelekea magharibi, na saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Marafiki wametualika tuchangie nao nyumba ya milimani, mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Wanasema hewa ni safi na baridi. Ya tatu ni nyumba ndogo ya kukodi karibu na ziwa, saa tatu kwa gari kutoka nyumbani, na hiyo hakuna anayeishangilia. Mama mkwe anasema watoto wa umri huu wasipelekwe popote, maana hawatakumbuka chochote. Twende wapi? – Mama wa Wawili

JIBU: Mama wa Wawili, nianze na mama mkwe, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Watu wazima wengi hawakumbuki tukio lolote lililowapata kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Wataalamu wa saikolojia huuita usahaulifu wa utotoni. Binti yako hatalikumbuka bwawa, wala mlima, wala ziwa. Ila mimi natoa hukumu tofauti kutoka kwenye ushahidi huo huo. Kama hatakumbuka, basi hamna deni la kumwonyesha maajabu ya dunia, na mko huru kuchagua mahali ambapo nyinyi wawili mtapumzika. Yeye atafurahia ndoo na maji popote mtakapomweka.

Kazi yangu ni kutibu watoto, na kila kiangazi kikikaribia, wazazi wengi wanaoniletea mtoto mwenye mafua huishia kuniuliza swali kama lako wakiwa wameshika kitasa cha mlango. Wao nawajibu kwa sentensi moja. Wewe umeandika, kwa hiyo utavumilia jibu refu, na jibu lenyewe litamuudhi mumeo kidogo: nendeni ziwani. Si ziwa lolote wala nyumba yoyote, na nitaeleza masharti yangu. Utaona pia kwamba ufukwe ungeweza kushinda kama mambo mawili matatu yangekuwa tofauti.

Mtu mzima husafiri kwenda nchi au mji. Mtoto wa miezi saba husafiri kwenda chumba fulani, na wa miaka miwili na nusu husafiri kwenda chumba hicho pamoja na hatua mia moja kuzunguka mlango wake. Piga hesabu ya siku yao. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miezi 4 hadi 11 alale saa 12 hadi 16 kwa siku, na wa mwaka mmoja hadi miwili saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo. Toa hizo kwenye saa 24. Toa kunyonyesha, kulisha, kubadilisha nepi, kuogesha, na ile nusu saa ya kutafuta kiatu kimoja. Zinazobaki za kufanya mnachokiita likizo ni chache, na zimekatwa vipandevipande kama kitambaa cha fundi. Mdogo anaamka mkubwa anasinzia. Kwa hiyo kabla sijauliza mahali pana nini cha kuona, huwa nauliza swali moja: saa sita mchana mtakuwa wapi?

Hilo swali linachuja haraka sana. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni jua la kiangazi huwa kali kuliko wakati mwingine wowote, na huo ndio muda ambao wazazi wengi wenye watoto wadogo hujikuta nje, kwa sababu asubuhi imeishia kwenye kifungua kinywa na kufungasha vitu. Kielezo cha UV, kile kinachotajwa pamoja na utabiri wa hali ya hewa, kikifika 3 ngozi inahitaji kinga. Siku za kiangazi katika sehemu nyingi hupita hapo mapema tu. Tena jua haliji kutoka juu peke yake. Mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha takriban asilimia 15 ya miale ya urujuanimno (ndiyo hiyo UV), na povu la bahari takriban asilimia 25. Ndiyo maana mtoto aliyekaa chini ya mwavuli mchana kutwa hurudi chumbani na mashavu mekundu, na mama yake akaapa kwamba hakumtoa kivulini hata dakika moja. Anasema kweli. Jua lilimfuata kutoka chini.

Mwanao ameshavuka miezi sita, kwa hiyo losheni ya jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga yake) ya 30 au zaidi anaweza kupakwa, na irudiwe kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Aliye chini ya umri huo hukingwa kwa kivuli na nguo. Lakini hata kwa watoto wako losheni iwe ya mwisho kwenye foleni: kwanza kivuli, kisha shati la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana, kisha losheni mahali palipobaki wazi. Na usifunike kigari cha mtoto kwa shuka ili alale. Hewa hukwama ndani na joto hupanda bila wewe kuliona. Kuhusu gari, najua unajua, ila nitasema kwa sababu wazazi waliowasahau watoto garini nao walijua: gari lililoegeshwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika kumi za mwanzo, na dirisha lililoachwa wazi kidogo halisaidii kitu. Likizo huvuruga mazoea, na anayesahau mtoto kwa kawaida ni yule ambaye siku hiyo ratiba yake imebadilika.

Sasa tuzichukue hizo sehemu zako moja moja.

Mlimani nitapita haraka, maana mita 2,700 zinaniamulia. Kulala juu ya mita 2,500 kunaweza kumletea mtu yeyote ugonjwa wa mwinuko, hasa akipanda kwa siku moja. Mtu mzima atasema kichwa kinamuuma na tumbo linamchafuka. Mtoto wa miezi saba atalia, atakataa kunyonya na hatalala; yaani atafanya yale yale anayofanya akiota meno. Utajuaje? Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni kushuka, usiku ule ule ikibidi, kwenye barabara za kona na mtoto anayetapika. Halafu ile hewa baridi inayosifiwa ina hila yake: kila mita 1,000 mnazopanda huongeza miale ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo pale juu mtapata zaidi ya robo ya ziada kuliko pwani, huku ubaridi ukiwafanya mvue kofia. Wanao watakapokuwa na umri wa kuweza kusema "kichwa kinaniuma", nendeni. Ingekuwa nyumba ya mita 1,200 nisingesema neno, isipokuwa kuuliza kama hao marafiki wana watoto. Wasio na watoto hula chakula cha usiku saa tatu, nao hawana kosa.

Ufukweni kuna mambo zaidi, kwa sababu kumependwa na kunastahili kupendwa. Safari ya ndege yenyewe haimzuii mtoto wa miezi saba mwenye afya. Masikio ndiyo husumbua, na husumbua zaidi ndege inaposhuka. Kosa ninalolisikia mara nyingi ni mama kumnyonyesha mtoto wakati wa kuruka, akashiba, akalala, na ndege ilipoanza kushuka akawa hataki tena kunyonya. Anza pale ndege inapoanza kushuka, ambapo mara nyingi ni takriban nusu saa kabla ya kutua. Kumeza ndiko kunakozibua masikio. Mkubwa mpe kikombe chenye mrija.

Tatizo langu na huko ni saa tatu za tofauti na mwelekeo wake. Watu wazima hulalamikia safari za mashariki, kwa sababu mwili hulazimishwa kulala mapema. Mzazi wa watoto wadogo ana sababu ya kuogopa magharibi. Watoto wako wanaamka saa ngapi nyumbani, saa kumi na mbili asubuhi? Huko itakuwa saa tisa usiku. Wataamka saa tisa usiku wakiwa wachangamfu, wenye njaa na tayari kucheza, katika chumba kimoja cha hoteli, na kifungua kinywa hakitaanza kabla ya saa moja. Kwa kadirio la kawaida mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti. Siku tatu za kuzoea, siku tatu nyingine mkirudi nyumbani, na siku mbili za safari zenyewe. Katika siku kumi hesabu hiyo hainipendezi. Ingekuwa safari ya kwenda kusini au kaskazini, ambako saa hazibadiliki, ningekuwa naandika jibu jingine.

Na kuna yale mabwawa matatu. Hapa nitakaa kidogo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Binti yako yumo katika umri wa hatari kuliko yote: ana miguu ya kukimbia, hana akili ya kuogopa, na kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, kwa hiyo akiinama kuokota kitu majini hutangulia kichwa. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko majini. Hewa ya kupigia kelele haipo. Hushuka kimya, na mambo huisha kwa muda ambao mtu mzima hutumia kusoma ujumbe mmoja wa simu na kuujibu. Maji ya sentimita chache yanatosha.

Jambo ambalo huwashangaza wazazi nikiwaambia ni kwamba hatari hupanda pale watu wazima wanapokuwa wengi. Mama yupo, baba yupo, shangazi yupo, marafiki wapo, na kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia. Dawa yake haina gharama: chagueni kofia moja. Aliyeivaa ndiye mlinzi. Hana simu, hana kitabu, hana kinywaji cha pombe, na yuko karibu kiasi cha kumgusa mtoto akinyoosha mkono. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini anamvisha mwenzake kichwani, kwa mkono wake, na kusema "sasa ni wewe". Bila hilo neno zamu haijabadilika. Yale maboya ya mikononi yanayojazwa hewa ni vitu vya kuchezea. Hutoka, hupasuka, na humfundisha mtoto kwamba maji humbeba. Akihitaji kitu cha kuelea, avae jaketi la kuokolea la saizi yake.

Bwawa linalonipa usingizi ni lenye uzio pande zote nne, urefu wa angalau mita 1.2, na lango linalojifunga lenyewe kwa komeo ambalo mtoto halifikii. Hoteli yenye mabwawa matatu yaliyo wazi, na milango ya vyumba vya chini inayofungukia ukingoni mwa maji, hupendeza sana kwenye picha. Mimi ningelala na jicho moja wazi siku zote kumi.

Utaniuliza: je, ziwa si maji? Ni maji, na ndiyo sababu masharti yangu yanaanzia hapo. Nyumba isiwe ukingoni. Iwe umbali wa kutembea dakika tano au kumi, ili kwenda majini iwe safari mnayoamua kuifanya pamoja, na mtoto asiweze kufika peke yake kwa kuteleza mlangoni mkiwa mnaosha vyombo. Uliza ufuko wa pale unashuka vipi. Maziwa mengine yana mteremko wa polepole, mengine hudidimia ghafla baada ya hatua tatu, na maji ya ziwa mara nyingi hayaonyeshi chini. Uliza kama wenyeji wanawaogesha watoto wao humo, kisha uliza kwa nini. Katika nchi nyingi zenye joto kuna maziwa yenye kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini tu, na hakuna chanjo yake. Ukiambiwa kipo, watoto wacheze kwenye beseni uani. Na popote pale, maji yaliyotulia yakibadilika rangi katika joto kali, yakawa kama rangi ya kijani iliyomwagwa juu, msiingie siku hiyo wala msimruhusu mtoto kuchezea ukingoni. Hao ni bakteria wanaotoa sumu, na watoto wadogo hudhurika upesi kwa sababu humeza maji.

Kwa nini basi bado nachagua ziwani? Kwa sababu ya saa tatu za gari na kwa sababu ya nyumba. Mtoto akipata homa siku ya pili, mnarudi nyumbani kwa daktari anayemjua. Mkichoka siku ya saba, mnarudi bila kubembeleza shirika la ndege. Na nyumba ina kitu ambacho hoteli nzuri hukosa: mlango kati ya mtoto aliyelala na mtu mzima aliye macho. Watu wengi hawalifikirii hili mpaka wajikute wamekaa gizani saa mbili usiku kwenye chumba cha hoteli, wananong'ona, wanakula biskuti bafuni ili mtoto asiamke. Nimeyafanya hayo mimi mwenyewe.

Na si hayo tu. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka miwili tulikodi nyumba ghorofa ya nne kwa sababu ya mandhari ya roshani yake. Mandhari yalikuwepo. Vyuma vya roshani vilikuwa vimelazwa badala ya kusimamishwa, yaani ngazi iliyokamilika, na mtoto alivipanda hatua mbili kabla sijashusha begi. Tukafunga mlango wa roshani, tukausukumia kabati, na kwa wiki nzima tukaitazama ile mandhari kupitia dirisha la jikoni. Mimi, daktari wa watoto, nilikuwa nimeuliza kuhusu taulo.

Kwa hiyo mwenye nyumba yako muulize haya, na umwombe video badala ya picha: atembee na simu kutoka kitandani hadi mlango wa nje, kisha hadi barabarani. Nyumba iko chini au ghorofani? Kama kuna roshani au ngazi, vyuma vyake vimesimama, na nafasi kati yake ni chini ya sentimita 10? Mlango wa nje unafungwa kwa juu? Vyumba vya kulala ni viwili, na vina pazia la kuzuia mwanga? Kuna friji, jiko, na mashine ya kufulia au angalau mahali pa kuanika? Usicheke kuhusu mashine. Watoto wawili kwa siku kumi watakula nguo kama moto. Maji ya bomba la moto yana joto kiasi gani? Ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, ilhali ya nyuzi 50 au chini hukupa muda wa kumtoa. Kama mtambo hauna kipimo, tangulizeni maji baridi kwenye beseni kila mara, kisha ya moto, na mjaribu kwa kiwiko. Anayejibu maswali hayo kwa kukasirika amekupa jibu.

Mkifika, kabla ya kufungua mabegi, piga magoti. Tambaa nyumba nzima kwa dakika kumi kama atakavyotambaa mwanao. Utakuta vitu ambavyo aliyesafisha nyumba akiwa amesimama hakuviona: sarafu, kidonge cha mgeni aliyepita, kamba ya pazia inayoning'inia, betri ndogo ya duara iliyodondoka kutoka kwenye rimoti. Hiyo betri iogope kuliko vyote. Ikikwama kooni huunguza ndani ya saa mbili, na mtoto aliyeimeza hupelekwa hospitali papo hapo.

Kitanda cha mdogo chukueni chenu cha kukunja kama gari lina nafasi. Alale chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto wala blanketi zito. Kiti cha gari ni cha gari. Mkifika akiwa amelala ndani yake, mtoe. Na sofa msilale naye hata mkiwa mmechoka vipi, maana uchovu wa safari ndio hufanya sofa kuwa hatari.

Kuhusu njia: saa tatu za ramani ni saa nne na nusu za watoto wawili. Ondokeni alfajiri au wakati wa usingizi wao, na simameni kila baada ya saa mbili mdogo atolewe kwenye kiti anyooke. Awe anatazama nyuma. Viti viwe vyenu wenyewe; kiti cha kukodi huwezi kujua kama kimewahi kupata ajali. (Hilo pia ni alama dhidi ya ufukweni, kama mlitaka kukodi gari huko.)

Afya nitaifupisha kwa sababu ziwa lenu liko karibu na nyumbani, lakini kama mumeo atashinda huu mjadala, haya msiyaruke. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayesafiri nchi nyingine hushauriwa apate dozi ya mapema ya chanjo ya surua; haihesabiwi katika zile za kawaida, atazirudia akifika umri wake. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida huanza miezi tisa, kwa hiyo nchi inayohitaji cheti cha chanjo hiyo iahirisheni. Kama mnaishi mahali pasipo malaria, msiwapeleke watoto wa umri huu kwenye malaria kwa ajili ya kujifurahisha tu. Dawa za kufukuza mbu zenye DEET zinaruhusiwa kuanzia miezi miwili, zile za mafuta ya mkaratusi wa limau kuanzia miaka mitatu. Chandarua juu ya kitanda hakina umri.

Popote mtakapokwenda, jueni kabla ya kuondoka ni zahanati ipi iliyo karibu inayofungua usiku, na bebeni kipimajoto, dawa ya homa kwa uzito wa kila mtoto, na pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, vitawavusha mpaka mfike hospitali. Mdogo anyonye mara nyingi zaidi katika joto, na kwa umri wake apewe pia maji kidogokidogo. Nepi kavu kwa saa sita ni sababu ya kupiga simu. Na mtoto aliyeharisha asiingie bwawani. Vimelea vingine huendelea kutoka hadi wiki mbili baada ya kupona, na klorini haiviui haraka.

Mna bahati moja ambayo mtaipoteza baada ya miaka michache: hamfungwi na kalenda ya shule. Kiangazi cha kaskazini huchukuliwa kuwa Juni hadi Agosti, cha kusini Desemba hadi Februari, na kila mtu hujazana katikati. Nendeni pembeni. Mwanzoni mwa kiangazi jua huwa kali lakini maji bado baridi, kwa kuwa maji huchelewa kupata joto. Mwishoni maji huwa ya uvuguvugu na watu wamepungua, ila ndipo ule utando wa kijani ziwani hupenda kutokea. Kwa binti anayependa kukaa majini ningechagua mwishoni. Nyumba nayo itakuwa ya bei nafuu zaidi, na mwenye nyumba atakuwa na subira ya kujibu maswali yako.

Mumeo mwambie ufukwe haujafutwa. Mdogo akifika miaka mitatu, binti yako atakuwa amekaribia mitano, na saa tatu za tofauti zitakuwa kero ya siku mbili tu. Kwa sasa mpeni kitu chake: kila siku, mmoja wenu apate saa mbili za kwenda popote peke yake bila kuulizwa alikokuwa, kwa zamu. Akitaka kuogelea hadi katikati ya ziwa, aogelee.

Na kama nyumba ina chumba cha tatu, mwalikeni mama mkwe kwa siku tatu za katikati. Kofia ya ulinzi itapata kichwa cha tatu, na nyinyi wawili mtaweza kula chakula kimoja cha usiku mkiwa mmekaa. Atakataa mara ya kwanza. Muulizeni tena jioni, watoto wakiwa wamelala.